Chupa na Masharti Yake

"Haya, pima," Mama Mkubwa alisema, akakunja mkono wa gauni na kuuweka mkono juu ya meza. "Leo mashine yako itanitolea ushahidi."

Tulikuwa barazani kwake Bombo, baada ya alasiri. Nilimfunga mkanda wa mashine ya presha, tukanyamaza, mashine ikabana, ikalegea. 138 kwa 84. Kwenye kadi yake ya kliniki, mara ya mwisho alipokwenda, sista alikuwa ameandika 168 kwa 102. Na baina ya namba hizo mbili Mama Mkubwa alikuwa ameacha vidonge vyake vya presha, amlodipini, akaanza chupa ya mzee mmoja wa dawa za miti, njia ya Wobulenzi.

"Umeona?"

Nikamjibu kwamba nimeona, ila vidonge asiviache. Akatabasamu, akaniuliza swali ambalo nilipanda nalo taksi ya kurudi Kampala, na ambalo limenikalia kichwani wiki baada ya wiki.

"Nivirudie vya nini, na hivi ninapona?"

## Alichopewa

Dawa yenyewe imo kwenye chupa ya maji ya kunywa, rangi yake kama chai kavu, na ukali wake unakufikia kabla hujafungua kifuniko. Katunkuma, vile vitunda vidogo vichungu, imo, hilo mzee hakulificha. Kwa harufu na uchungu wake, Mama Mkubwa anasema mna mululuza, yale majani machungu, na majani ya ovakedo pia. Vilivyobaki anavijua mzee mwenyewe. Juu ya hapo alimfungia karkade kavu, maua mekundu ya rosela, ya kuchemsha asubuhi na jioni, ingawa kwetu Bombo karkade haihitaji mganga, tumelelewa nayo.

Kisha yakaja masharti.

Siku arobaini asiguse chumvi ya mezani. Asile mukene (dagaa) wala samaki waliokaushwa kwa chumvi. Vikolezo vya pakiti asitie kwenye mchuzi. Soda haramu kwake, na nyama mara moja tu kwa wiki, tena ya kuchemsha. Ale dodo (mchicha), maharage, matooke, papai. Alfajiri aende msikitini kwa miguu na arudi kwa miguu, asikubali boda boda hata akiitwa na mjukuu wake. Baada ya isha alale, asikae na simu.

Mama Mkubwa aliyashika yote. Mwanamke huyu sista amemwambia apunguze chumvi kila alipokwenda kliniki kwa miaka kadhaa, na kila mara amerudi nyumbani akala kama kawaida. Mzee wa Wobulenzi alimwambia mara moja, na kijiko cha chumvi kikaondoka mezani siku hiyo hiyo.

Hilo sikuliona siku ile. Nilikuwa nimeikodolea macho chupa.

## Mti una nguvu, hilo halina ubishi

Ndugu zangu wengi waliosoma wanapuuza dawa za miti kwa neno moja, na mimi siwezi kuwafuata huko. Historia ya dawa za presha yenyewe inawakataza.

Kuna mti wa India uitwao Rauvolfia serpentina, ambao waganga wa huko waliutumia mizizi yake kwa karne nyingi. Mwaka 1949 daktari wa Bombay, Rustom Jal Vakil, aliandika katika jarida la Uingereza la magonjwa ya moyo jinsi mizizi hiyo ilivyoshusha presha za wagonjwa wake. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba, Uswisi, wakatoa ndani yake kiini kinachoitwa reserpini. Ikawa miongoni mwa vidonge vya kwanza vya presha vilivyotumika duniani kote. Ndugu ya mti huo, Rauvolfia vomitoria, anaota katika misitu ya Afrika, hapa Uganda pia.

Lakini reserpini ilikuwa na upande wa pili. Iliripotiwa kwamba baadhi ya waliopewa dozi kubwa walizama katika huzuni nzito. Mti wenye nguvu ya kushusha presha una nguvu ya kufanya mengine mwilini, na ndiyo maana madaktari walilazimika kujua ni miligramu ngapi zinatosha na ngapi zinadhuru. Nani anajua chupa ya Wobulenzi ina kiasi gani cha nini? Ya wiki hii imechemshwa saa mbili, ya wiki ijayo saa nne. Majani ya masika na majani ya kiangazi hayafanani.

Karkade nayo imeshapimwa vizuri. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 65 wenye presha iliyopanda kidogo, ambao hawakuwa kwenye vidonge. Waliokunywa vikombe vitatu vya chai ya karkade kwa siku, kwa wiki sita, namba yao ya juu, ile inayotajwa kwanza, ilishuka kwa milimita 7 hivi (presha hupimwa kwa milimita za zebaki). Waliopewa kinywaji cha kufananisha walishuka kwa milimita 1. Kitunguu saumu pia kimefanyiwa majaribio mengi, na kwa wenye presha ya juu yakijumlishwa yanaonyesha mshuko wa kama milimita 8, ingawa mengi yalitumia vidonge vya kitunguu saumu kilichotayarishwa maalumu, si punje ya kutafuna asubuhi.

Milimita 7 si kidogo. Kwa mtu wa 142, karkade isiyo na sukari inaweza kumrudisha chini ya 140, mpaka wa presha ya juu. Kwa mtu wa 168 haitoshi.

Na katunkuma? Hiyo inaliwa kwa imani kubwa kuliko zote hapa kwetu, ikichemshwa juu ya matooke au ikisagwa unga wa kutia kwenye maji. Ni mboga njema. Maabara zimeonyesha kwamba ina viini vingi vyenye kazi. Ila ushahidi wa kushusha presha ya binadamu bado ni mwembamba, mwembamba mno kumfanya mtu atupe kidonge chake kwa ajili yake.

## Ile 168 ilitoka wapi

Hesabu ilinikataa. Kutoka 168 hadi 138 ni milimita 30, na bila kidonge. Karkade ichukue 7, hata nikiipa chupa ya mzee sehemu kubwa kwa heshima, bado.

Nikaanza kuuliza siku ile ya kliniki ilikuwaje. Mama Mkubwa alifika kwa boda boda, akachelewa, akapanga mstari akiwa amesimama, akaitwa, akapimwa papo hapo akiongea na jirani yake. Kipimo cha presha hakitaki hivyo. Kinataka mtu aketi kimya dakika 5, miguu sakafuni, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, asiwe ametoka kunywa kahawa. Kisha apimwe mara mbili. Ukimpima mtu aliyetoka kukimbizana na mstari, unapima na mstari wenyewe.

Nyumbani namba hushuka. Wataalamu wanalijua hilo, na ndiyo maana mpaka wa nyumbani wameushusha. Kliniki mpaka ni 140 kwa 90, nyumbani ni 135 kwa 85.

Nilipolisoma hilo nilikaa kimya kidogo. Ile 138 ya barazani, iliyotufurahisha wote wawili, bado ilikuwa juu ya mpaka.

Kulikuwa na jambo lingine. Amlodipini haitoki mwilini siku unapoiacha. Inakwenda polepole, siku kadhaa hadi wiki. Mtu akiiacha Jumatatu, akianza chupa Jumanne, akapimwa Alhamisi, sifa zote zitakwenda kwa chupa, hali kidonge bado kinafanya kazi. Kwa Mama Mkubwa muda ulikuwa umeshapita, lakini nawajua wengine waliokata shauri kwa kipimo cha wiki ya kwanza.

## Kilichotoka kwenye sufuria

Ndipo nikayarudia masharti, moja moja.

Chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Ongeza mukene wa chumvi, kikolezo cha pakiti, chumvi ya kunyunyiza juu ya kachumbari na ya juu ya muchomo, tumepita hapo kabla jua halijazama. Mwenye presha akipunguza chumvi kwa dhati, namba yake ya juu hushuka kwa milimita 5 hivi. (Na hili nalisema kwa sababu nimeambiwa mara nyingi: chumvi ya Katwe, kwa kuwa imetoka ziwani na si kiwandani, haina madhara. Sodiamu ni ile ile. Magadi ya kulainishia maharage nayo ni sodiamu.)

Dodo, maharage, matooke, papai. Marekani mwaka 1997 walitoa matokeo ya jaribio la chakula linaloitwa DASH: matunda na mboga kwa wingi, maziwa yasiyo na mafuta mengi, mafuta ya wanyama kidogo. Chumvi hawakuibadilisha, uzito wa watu haukubadilika. Wenye presha ya juu walishuka kwa milimita 11. Potasiamu ni sehemu ya siri hiyo, na sahani ya matooke na maharage imejaa potasiamu tangu enzi za mabibi zetu.

Kutembea kila alfajiri, milimita 5 au zaidi. Kupungua uzito, kama milimita 1 kwa kila kilo. Mama Mkubwa alikuwa amepungua, gauni lilisema.

Namba hizi hazijumlishwi moja kwa moja, kwa kuwa moja humeza sehemu ya nyingine. Hata hivyo, picha ilikuwa imeshageuka mbele yangu. Yale niliyoyachukulia kama kifungashio cha dawa yalikuwa dawa. Mzee wa Wobulenzi alikuwa amempa Mama Mkubwa matibabu yenye ushahidi mkubwa kuliko yote yasiyo ya kidonge, na akayaita masharti ya chupa.

## Siku ya arobaini na moja

Siku arobaini zilikwisha. Mzee alimwambia dozi imekamilika.

Presha si malaria. Malaria unakunywa dozi, vimelea vinakufa, unarudi shambani. Presha inakaa nawe, na inayoishusha ni kazi ya kila siku. Lakini Mama Mkubwa alikuwa amepewa mwisho, na mwisho ulipofika akafanya ambacho mtu yeyote aliyepona angefanya. Idd ilipokuja alikula pilau kama watu wote. Chumvi ikarudi mezani. Goti likamsumbua, safari za alfajiri zikasimama, na kwa ajili ya goti akanunua diklofenaki kwenye duka la dawa. Wengi hatujui kwamba vidonge vya maumivu vya aina hiyo hupandisha presha na kuzichosha figo. Yeye pia hakujua.

Nilipompima tena, 156 kwa 94. Mara iliyofuata, 164 kwa 98.

"Lakini sijisikii kitu," alisema. "Kichwa hakiumi. Moyo hauendi mbio."

Hili ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Utafiti wa taifa wa mwaka 2014 ulikuta kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne Uganda ana presha ya juu, na walio wengi mno hawakuwa na habari. Hawajisikii kitu. Muuza dawa wa soko la Owino anamwuliza mteja, "Unajisikiaje sasa?" Mteja anajibu, "Nafuu," na wote wawili wanasema kweli. Kiharusi hakisubiri kichwa kianze kuuma.

Nilikaa na Mama Mkubwa hadi magharibi. Hakuwa na hasira na mtu. Alichotaka kujua ni kama chupa imemdanganya, na sikuweza kumwambia ndiyo.

## Kwa mzee

Nilikwenda kumwona. Nilitarajia mabishano, na nilikuwa nimejiandaa nayo.

Ana umri wa baba yangu mkubwa. Alinikaribisha kwenye benchi, akaniletea chai, akauliza hali ya Hajati, ndivyo anavyomwita Mama Mkubwa, kabla sijaanza. Nikamwonyesha daftari la vipimo, toka 138 hadi 164. Akalivuta karibu na macho, akapitisha kidole kwenye kila mstari.

"Chumvi ameirudia," alisema.

"Ameirudia, Mzee. Dozi ilikwisha."

"Mimi nilimwambia aache chumvi. Sikumwambia airudie."

Nikamwuliza kwa adabu zote kwa nini basi asiwape watu masharti peke yake, bila chupa. Alinitazama muda mrefu.

"Mwanangu, mtu ametoka Luwero kwa nauli yake. Nikimwambia, nenda, usile chumvi, tembea, lala mapema, akanyanyuka mikono mitupu, atasema nini njiani? Atasema mzee hakunitibu. Chupa ndiyo inamkumbusha. Kila akiifungua asubuhi anakumbuka nilichomwambia."

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo kuhusu kwa nini watu wetu wanashika neno la mganga na kuliacha la sista. Sista anasema "punguza chumvi" kwa watu sitini kwenye mstari mmoja. Kupunguza kutoka wapi hadi wapi? Mzee alitaja mukene. Alitaja soda. Alijua kwamba kuna mjukuu mwenye boda boda. Alikaa na Mama Mkubwa hadi akaijua nyumba yake.

Nilipomwuliza kilichomo ndani ya chupa, alinitajia mitano. Wa sita akaunyamazia, na nikaheshimu. Lakini nilimwambia ninavyoona: figo na ini haziheshimu siri ya mtu. Mtu anayekunywa kidonge na chupa kwa pamoja, daktari wake asijue, anaweza kushuka presha kupita kiasi akaanguka bafuni. Sheria ya tiba asili na tiba mbadala tunayo tangu 2019, na pale Wandegeya ipo taasisi ya Wizara ya Afya ya kuchunguza dawa za asili, ya tangu 1964. Anaweza kupeleka dawa yake ikachunguzwa. Alisema amesikia, na kwamba wakubwa wakishajua mti wako, mti si wako tena. Hofu hiyo siwezi kuidharau. Reserpini ilitoka kwenye mizizi ya waganga wa India, na jina lililobaki kwenye kidonge ni la kampuni ya Uswisi.

## Upande wa pili wa mstari

Mama Mkubwa alikubali kurudi kliniki kwa sharti moja: aende na chupa yake mkobani, asiifiche. Bahati, musawo (tabibu) aliyekuwapo siku ile alikuwa kijana mwenye subira. Aliifungua, akainusa, hakucheka.

Alimrudisha kwenye amlodipini, miligramu 5. Diklofenaki akaifuta. Katunkuma, alisema, ale kama mboga kadiri anavyopenda. Karkade anywe bila sukari, ila amwambie, kwa sababu nayo inashusha na itabidi ahesabu vyote pamoja. Chupa akamwomba aiache hadi ijulikane imebeba nini. Kisha akaandika damu ipimwe figo, kabla ya kumruhusu aongeze potasiamu nyingi.

Nilimwuliza kuhusu ile chumvi mbadala, ambayo sehemu ya sodiamu imetolewa na kutiwa potasiamu. China waliijaribu kwa takriban watu 21,000 katika vijiji 600, na matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kiharusi kimepungua kwa asilimia 14. Akasema ni nzuri, na inaweza kumwua mwenye figo mbovu asiyejijua. Kwa hiyo figo kwanza.

Yote hayo yalichukua muda mrefu kuliko kliniki ile inavyoweza kumpa kila mtu. Nje kulikuwa na mstari. Na vidonge, siku hiyo, dirishani vilikuwa vimekwisha. Tukavinunua dukani. Mtu asiye na pesa ya duka angefanya nini wiki ile? Angekwenda njia ya Wobulenzi, nami nisingekuwa na uso wa kumlaumu.

Jioni Mama Mkubwa alinitaka nimwandikie masharti, kwa kalamu, kwenye karatasi ya kubandika ukutani jikoni. Niliyaandika yale yale ya mzee, neno kwa neno, pamoja na kidonge cha asubuhi. Pale palipokuwa na siku arobaini hatukuandika idadi yoyote.

## Tulipofika

Nimerudi kwa mzee tena. Kwa kuwa ameona daftari, amekubali jambo moja: anayekuja kwake na vidonge mkononi, hatamwambia aviache. Amelisema mbele ya wateja wawili waliokuwa wakingoja, na mmoja wao akafungua pochi akamwonyesha vyake.

Jambo la pili hatujaafikiana. Nilitaka asimwanzishie chupa mtu ambaye hajawahi kupimwa presha. Anasema kipimo kiko mjini, mteja yuko mbele yake, na duka la dawa linataka pesa kwa kila kipimo. Nimemwambia nitamletea mashine na kumfundisha kuisoma. Ameuliza kama betri zake zinapatikana Wobulenzi, na kama mkanda utawatosha wanawake wenye mikono minene, jambo ambalo hata kliniki nyingi hazilitazami, kwa kuwa mkanda mdogo hupandisha namba isivyo haki.

Mkanda mpana nimeupata Kampala. Betri nitabeba za akiba. Ijumaa nakwenda.